Kuku Kwenye Kiti cha Pikapu

Jumatatu, 3 Juni

Injini imekuja. Juu ya mkokoteni! Wanaume watatu wanasukuma, wa nne anapiga mluzi tu. Nilidhani ni jokofu la mtu. Nikatoka kuangalia (si umbea, nilikuwa nafagia). Mkokoteni ukakata kona, ukapita kwa wifi, ukaingia kwangu.

Binti yangu kasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, meno yote nje. Utadhani kaletewa mjukuu.

Pikapu ya Mzee, mume wangu, imelala hapa uani tangu injini yake ya zamani iliponoki ikafa. Imelala vizuri tu. Juu ya boneti naanika vitunguu. Kwenye mlango natundika mifagio. Hatujawahi kugombana, mimi na lile gari. Sasa binti, ambaye kasomea ufundi wa magari na mtaa mzima unamwita Spana, anasema ataitoa injini ya zamani na kuiweka hii ya mtumba, hapahapa uani, na pikapu itatembea kabla ya katikati ya mwezi.

Nikamuuliza itatembea kwenda wapi.

Ndipo akanikalisha. Amepata kazi. Kubeba vifaa vya watu wanaojenga daraja, mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Wanataka dereva mwenye gari lake. Jumatatu tarehe kumi na saba asubuhi awe pale na gari. Asipokuwepo, wanamchukua mwingine.

Nikasema hongera mwanangu. Nikamkumbatia. Nikaenda chumbani nikakaa kitandani na ufagio mkononi.

Huko nani atajua kwamba analala dirisha wazi? Na kile kikohozi chake? Ana miaka ishirini na sita, sawa. Kikohozi alianza nacho ana miwili.

Nimeamua. Sitamkataza. Mama anayekataza anasemwa. Nitachelewesha tu. Kidogokidogo, kwa upendo. Tarehe kumi na saba ipite, wamchukue huyo mwingine, binti abaki, na mimi nitamlilia kwa huruma kuliko wote. Mpango safi kabisa!

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeanza. Tetea wangu wa madoadoa alikuwa anatafuta pa kuatamia. Nimemwekea majani makavu na mayai yake ndani ya pikapu, kwenye kiti. Kuku akishaatamia haguswi. Kila mtu anajua. Ukimsumbua anayasusa mayai, na hapo umeua vifaranga ambao hata hawajazaliwa. Wiki tatu kamili!

Nilitaka kumweka upande wa dereva, ila kiti cha dereva springi zimetoka nje, zingemchoma. Nikamweka upande wa abiria.

Binti alipofungua mlango kuku akamfokea. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba basi, kazi itabidi isubiri, kuna kiumbe humo. Akasema hakuna shida mama, injini iko mbele, kuku yuko ndani, hawakutani. Akafunga mlango taratibu. Akafungua boneti.

Vitunguu vyangu vyote chini.

Alhamisi, 6 Juni

Injini haiinuliwi kwa mikono. Inataka winchi, ile ya mnyororo, na winchi inataka pa kuning'inia. Binti ameichagua boriti ya kibanda changu cha jikoni, ile iliyotokeza nje. Pua ya pikapu inaingia chini yake barabara.

Nikaona mwanya. Nikamwendea Mzee pembeni. Nikamwambia sipendi kusema, lakini ile boriti imeliwa na mchwa. Ikikatika itamwangukia mtoto. Nikatoa na chozi. (Chozi lilikuwa la kweli. Nilipoanza kusema niliona kabisa boriti inaanguka.)

Mzee akaitazama boriti. Akavaa viatu. Nikajua anakwenda kumwambia binti aache.

Amerudi na bomba la chuma, nguzo mbili na fundi wa kuchomelea! Mpaka saa kumi wamelichomeka bomba juu ya kibanda, wamesimika nguzo. Fundi akasema hapo hata tembo anabembea. Mzee akanishukuru mbele ya watu kwa kuwa macho. Akasema bila mama yenu tungeua mtu.

Mzee huyuhuyu nilimwomba rafu ya vyombo tangu mwaka juzi, bado sijaiona.

Ijumaa, 7 Juni

Injini ya zamani imetoka. Sikutaka kuangalia. Nimeangalia yote.

Walimwaga oili kwenye karai langu (la kufulia!). Wakatoa betri, wakatoa rejeta, wakafungua mabomba, wakafungua bolti zilizoishika injini kwenye giaboksi. Halafu binti akavuta mnyororo. Tititi, tititi. Injini ikainuka kama ng'ombe aliyelazimishwa kuamka. Ikabaki inaning'inia mbele ya kibanda, inadondosha matone meusi, na mimi chini yake nina maharage motoni. Nikasogeza sufuria kulia. Tone kulia. Nikasogeza kushoto. Tumekula maharage saa tisa.

Wifi akaja kusimama kwenye uzio, kikombe cha chai mkononi. Huyu ni dada yake Mzee. Ana duka la vyombo pale kona, na ana maoni. Akauliza kama siku hizi tunapika injini. Akasema, "Wifi, ikishaiva niletee paja."

Nikacheka. Ndani sikucheka.

Jumapili, 9 Juni

Leo binti na baba yake walikwenda kuazima jeki. Nikabaki peke yangu na gari.

Bolti za giaboksi zilikuwa kwenye sahani ya bati, zimeota kutu nyekundu. Bila hizo injini mpya haikamatani na kitu. Nikazichukua zote. Nikazunguka nazo nyumba nzima. Kwenye unga? Mzee hupekua unga. Chini ya godoro? Nitazilalia. Mwishowe nikapata mahali pazuri mno: ndani ya kopo la mafuta ya taa, nyuma ya jiko langu la utambi. Kopo lile analigusa nani zaidi yangu?

Walipokaa kula nilijisikia mwepesi. Nikamwongezea binti nyama. Mtoto anayebaki nyumbani lazima ale.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nani alitunga mafundi wa magari. Unajua wananawa grisi kwa nini? Kwa mafuta ya taa!

Asubuhi alitafuta bolti kidogo, akasema labda baba kazisogeza, akaendelea na mambo mengine mpaka mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Akaingia jikoni, akachukua kopo langu, akamimina. Bolti zikaangukia kwenye beseni. Zinang'aa! Kutu yote imebaki kwenye kopo.

Nikafumba macho.

Binti akanirukia shingoni. Akamwita baba yake aje aone. Akasema alikuwa na wasiwasi mkubwa, bolti zenye kutu namna ile zingeweza kukatikia ndani, na dawa yake ni kuzilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha, na yeye alisahau. "Mama, ulijuaje?"

Nikasema mama anajua tu.

Mchana injini mpya ikashushwa ndani, ikakaa, bolti zikaingia kwa vidole. Mzee akasema huenda kipaji binti kakitoa kwangu. Wifi akasikia. Hilo tu ndilo jambo zuri la leo.

Jumanne, 11 Juni

Sasa ni waya. Jamani waya! Zinatoka kila tundu kama vile gari lilimeza mkeka.

Siku ile ya kutoa injini, binti alinipa kazi. Alitaka vitambaa vya rangi mbalimbali. Kila waya anaouchomoa nifunge kitambaa, na pale ulipochomoka nifunge cha rangi ileile. Ili wakati wa kurudisha, nyekundu itafute nyekundu. Nilichana pazia la zamani, shati la Mzee la bluu, na gauni langu la maua. Nilifunga vizuri sana. Vifundo vyangu havifunguki ovyo.

Leo, alipokwenda kunywa chai, nimevifungua. Nikahamisha. Bluu nikampa wa maua, wa maua nikampa njano, njano sijui nikampa nani, macho yalikuwa mlangoni. Nikamaliza, nikajifanya namlisha kuku.

Kuku ananitazama vibaya.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbaya.

Asubuhi kwenye bomba la maji wanawake wote wapo, wifi katikati. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, gari letu linaendeleaje. Nikasema vizuri. Akasema, "Wifi yangu, gari hilo litaondoka hapo siku kuku wako atakapotoa maziwa." Wakacheka. Mpaka yule jirani niliyemuuguzia mtoto akacheka.

Nikasema mwanangu ana cheti. Wifi akasema sawa, cheti atakitundika dukani. Dukani gani, nikauliza. Dukani kwangu, akasema. Kumbe wamezungumza! Gari likishindwa kuwaka, binti atakwenda kumsaidia wifi kupanga sufuria na kufuta vumbi. Amemwandalia na aproni.

Nimerudi na ndoo nusu. Nyingine imemwagika njiani.

Nikamkuta binti amekaa juu ya tairi, anafuta spana moja ileile. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Akasema mama, huyu msimamizi wa daraja ni mtu wa kwanza aliyenisikiliza bila kuuliza nimekuja na fundi gani. Lisipowaka, sitashika spana tena mbele ya mtaa huu. Nitauza sufuria za shangazi, yaishe.

Akageuka akajifanya anatafuta kitambaa.

Mimi nilitaka abaki. Nilitaka abaki kwangu! Sikutaka abaki na aproni ya wifi, anaagizwa huku na huku, "wewe Spana leta kile kifuniko." Na lile jicho lake. Sijawahi kumwona na jicho lile tangu alipokosa nafasi ya shule mwaka ule.

Lazima gari liwake. Vitambaa!

Nikaenda mbio kwenye boneti. Nikashika bluu. Bluu ilitoka wapi? Nikajaribu kukumbuka gauni lilikuwa juu au chini ya shati. Nikahamisha huu, nikaona si huu, nikarudisha, nikahamisha ule. Mwisho nimebaki na kitambaa kimoja mkononi na hakuna waya usio na kitambaa. Kimetoka wapi?

Nimekila chakula kama nakula pamba.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeamka kabla ya kuku. Nikajaza ndoo mbili za mchanga, nikaziweka karibu na gari. Nikatoa na blanketi nililoloweka. Mzee akauliza kuna nini. Nikasema usafi.

Saa nne watu wamejaa uani. Wifi kaleta kigoda chake mwenyewe. Kavaa vizuri, kama anakwenda kupokea mgeni. Binti kaingia kwenye kiti cha dereva, kakaa upandeupande kukwepa springi, kuku pembeni yake kama kondakta. Akaweka ufunguo.

Nikaona moto. Nikauona wazi, unatoka kwenye boneti, unamfikia mwanangu.

Nikapiga ukelele wa kusimamisha jeshi. Nikajitupa juu ya boneti na blanketi langu bichi. Nikasema usiwashe! Nimehamisha vitambaa! Ni mimi! Na bolti ni mimi! Na mchwa hakuna!

Mzee akatazama bomba lake la chuma.

Binti akateremka. Nikafumba macho ningojee. Akanivua blanketi taratibu, akaniambia sikioni, wengine wasisikie, kwamba vitambaa aliona vimehama toka juzi. Vifundo vya kwanza vilikuwa na masikio mawili, vya pili vina moja. Waya zote za injini amezipima upya kwa balbu, moja moja. Nikasema sasa vitambaa ulinipa vya nini? Akasema, "Mama, ulikuwa umenisimamia kichwani unalia. Nilitaka mikono yako ipate kazi."

Nikakaa kwenye ndoo ya mchanga.

Akawasha. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikazima. Akawasha tena. Kohoo, kimya. Wifi akasema "Haya" na akaanza kukunja kigoda.

Hapo nikasahau kila kitu. Nikamwambia wifi akae! Nikamwambia gari ni kama mtu, linaamka kwa utaratibu, na wewe asubuhi tunajua unavyoamka. Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Binti akasema kuna upepo kwenye njia ya dizeli. Akamwonyesha baba yake kipampu kidogo cha mkono, Mzee akapampu mpaka jasho. Wakafunga. Akawasha.

Ikawaka!

Ikawaka, ardhi ikatetemeka, moshi mzito ukatoka nyuma ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya wifi, kwenye mashuka yake meupe. Sikuelekeza mimi. Upepo tu. Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nililia pia. Kilio cha furaha, na kile kingine, vilitoka kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Akalisogeza hatua chache, akakanyaga breki. Honi ikalia. Akaachia, ikanyamaza. Akakanyaga, ikalia. Akatoa kichwa dirishani akanitazama. Akasema waya za injini alizipima, ya honi na ya taa za breki alizifuata kwa vitambaa vya mama.

Kuku hakuinuka hata mara moja.

Jumamosi, 15 Juni

Ameondoka.

Jana nimeshinda nashona. Nimemshonea kigodoro cha kiti cha dereva, pamba nyingi, kitambaa ni lile gauni la maua lililobaki. Kinafunika springi zote. Akikikalia anabonyea kama yuko sebuleni. Dirisha la gari halifungi mpaka juu, nimemwekea na skafu.

Nikamkumbusha kuhusu honi, bado hajaitengeneza. Akasema ataunganisha taa za breki ziwake, ila honi ataiacha vilevile. Pale kona kuna tuta, kila gari lazima likanyage breki. "Nikifika pale utanisikia kabla hujaniona."

Nikamfunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Kuku akakataa kutoka. Tulijaribu kwa mahindi, kwa upole, kwa ufagio. Akamdonoa Mzee. Binti akasema muda unakwenda, basi waende wote. Kwa hiyo leo nimempoteza binti na tetea wangu bora katika gari moja.

Honi ililia pale kwenye tuta. Wifi alikuwa kwenye uzio, macho mekundu. Akasema ni moshi wa juzi. Nikampa chai.

Jumamosi, 29 Juni

Nilikuwa nasuuza vyombo. Honi! Kwenye tuta! Nikatoka na kandambili moja.

Amekuja! Amenenepa. Mashavu yamejaa, mikono ina nguvu, kikohozi hakuna. Analala dirisha limefungwa, eti kuna mbu. Vifaranga wameanguliwa wote, wanakaa na mama yao kwenye kreti ofisini kwa msimamizi, na wajenzi wa daraja kila pikapu ikija na honi yake wanasema kuku amefika. Msimamizi anamwita fundi. Hamwiti Spana, anamwita fundi, na anamsalimia kwanza.

Wifi kamletea seti ya sufuria, mpya, kutoka dukani. Akawaambia watu wa kwenye bomba kwamba yeye alijua tangu mwanzo gari litawaka. Nimemwachia.

Usiku kucha ningeweza kumtazama akila. Nilikosea, nakubali. Kazi ni nzuri, watu ni wazuri, mtoto ananawiri. Mama mwenye akili anafungua mkono. Nimemwambia Mzee mbele ya binti: mimi sasa nimeelewa, sitamsumbua tena mtoto huyu maishani mwangu. Mzee akanishika bega. Binti akasema asante mama. Atarudi kazini keshokutwa alfajiri.

Nimeenda kuifuta pikapu vumbi. Kigodoro changu kimekaa vizuri mno. Katikati kimebonyea kidogo, laini, kina joto la jua.

Yule tetea mweusi analialia tangu juzi, anatafuta pa kuatamia. Nimewaza sana. Kuku hakuwa kosa. Kosa langu lilikuwa upande.

Safari hii nimemweka kwa dereva.